Stauti ya Bi Somoe

Ililetwa kwa kuvutwa na trekta la chama cha msingi,
kamba ya katani mahali palipokuwa na bampa,
na kuku akiwa bado ameatamia kwenye kiti cha dereva.
Nachingwea nzima ikaja kutazama maiti.
"Fundi Chilumba, hiyo kawauzie wa vyuma chakavu."
Bi Somoe Namkulala, mkunga mstaafu,
akalipa trekta, akamhamisha kuku na mayai yake,
akasema: "Nataka niende nayo Kigoma.
Na nilale humo humo, njia nzima."

Tukamshauri basi la alfajiri, kiti cha dirishani.
"Basi litanifikisha," akasema. "Mimi nataka kwenda."

Kutu haina haraka, nami sikuwa nayo.
Injini niliifungua mwezi wa kupuliza salfa,
vumbi la njano la mikorosho likitua juu ya pistoni;
nikaifunga minada ya korosho imeshaanza.
Ringi zilitoka Kariakoo ndani ya ndoo ya rangi,
gasketi nikakata mwenyewe kwa mkasi,
springi za nyuma nikaziongeza bamba moja la Landrova.
Kichanja cha tangi la maji nilikichonga
kwenye mabaki ya mradi wa karanga,
chuma cha Wazungu waliokuja kuvuna mafuta
wakavuna hasara, wakayaacha matingatinga majanini.
Na fuawe yangu ni kipande cha reli.
Treni ilifika hapa zamani, kisha njia ikang'olewa.
Nimegonga safari ya huyu mama
juu ya mgongo wa safari iliyofutwa.

Kila Alhamisi alikuja na mihogo ya kuchemsha,
akakaa juu ya tairi, asiulize bei.
Siku nilipoinua nyundo ninyooshe bodi
akanishika mkono.
"Hapo pameingia kwa kisigino cha Binti Likotwa.
Usiku wa masika, tunaikimbilia Ndanda, mtoto hakungoja.
Kumi na mmoja, fundi, juu ya bati hili.
Wawili hawakulia."
Nikaweka nyundo chini. Nikauliza, kwa sauti ya utani,
"Na mimi je?"
"Wewe ulizaliwa kitandani, kama watu."

Kishimo nikakipaka rangi kilivyo.

Kisha kitanda: mbao za mninga, mtoto wa meza wa mchele,
ndoano nne za chandarua.
Ilibidi nimpime. Akalala chali juu ya bodi,
mikono kifuani, macho kafumba,
nami na utepe niliouazima kwa fundi cherehani,
kutoka utosini hadi vidoleni.
Kijana wangu akageuka, akajifanya anatafuta spana.
Kipimo kile wote tunakijua.
Bi Somoe akafumbua jicho moja:
"Ongeza shubiri. Mimi hulala nikijigeuza."

Aliondoka Jumanne, kabla ya adhana. Hakupiga honi.
Kuku aliniachia.

Siku ya tatu, simu.
"Fundi, inalia."
"Wapi?"
"Chini, kushoto. Nimepita Tunduru. Sikiliza."
Akailaza simu juu ya boneti.

Mimi ambaye magharibi sijavuka Masasi
nilisimama gereji, sikio moja nimeliziba kwa kidole cha grisi:
injini yangu, taratibu, haina kikohozi,
tapeti zikinong'ona kama wanawake wanaochagua mchele,
chini yake bati linagongagonga,
na nyuma ya bati, kitu kisicho gari:
upepo wa mahali pa juu,
mtu ananadi ndizi kwa lafudhi nisiyoijua.

"Ekzosi imelegea, mama. Funga waya."
"Ndiyo hilo tu?"
"Ndiyo hilo tu."

Hakukata. Labda alisahau.
Nikasikia koleo, nikasikia pumzi yake akiinama,
mlango, gia ya kwanza ikakwaruza (nilimwonya),
ya pili, ya tatu,
mpaka salio lake likaisha.