Kisicho Na, Kisicho Cha

Daftari lina jalada la kitambaa cha mafuta,
na kila ukurasa una alama ya dole gumba,
masizi ya makaa yaliyokataa sabuni.
Babu wa mama yangu, Matúš Hrabovec, mweka hazina,
aliacha vidole viwili kwenye gari la mgodi;
alihesabu hadi nane, kisha akaazima vya jirani.

Senti hamsini, Dzurik. Senti hamsini, Pavol Kmec.
Senti thelathini, Onufer, nyingine akipona.
Upande wa pili, kwa wino wa zambarau:
jeneza la msonobari, dola kumi na nne;
mishumaa; mkate; farasi wa kukokota;
mjane Zuzana, hadi kitinda mimba avae viatu vya kazi.

Hapakuwa na jina la jambo hili.
Waliliita Udugu, siku nyingine Sanduku,
na Jumapili baada ya misa waliliita tu Kule Chini,
kwa kuwa walikutana chini ya kanisa, kando ya tanuri.

Mwaka wa kumi na moja wa karne ile, Pennsylvania,
akaja karani wa jimbo na fomu na kalamu ya chuma.
Mna wenye hisa? Hatuna.
Mnagawana pato? Tunagawana misiba.
Akauliza wanacheka nini. Akaandika.
Akagonga muhuri hadi meza ikaruka.

Mkalimani alikuwa Janko, umri miaka kumi,
mchambua mawe kwenye makaa,
lugha ya wenye nchi aliipata katika matusi ya msimamizi.
Akausoma muhuri, akameza mate, akatangaza:
"Serikali inasema hiki ni chama kisicho na faida."

Chumba kikachafuka.
Onufer alidai senti zake thelathini papo hapo.
Zuzana, aliyekuja kuchukua posho tu, akasimama:
"Kisicho na faida? Nani alimtoa mume wangu shimoni?
Nani alimvika shati? Mwambie huyo bwana
aje kwangu, nimwonyeshe sufuria."

Babu aliigeuza karatasi kwenye mwanga
kana kwamba maana imeandikwa nyuma.
"Muulize tena," akasema. "Polepole."
Janko akauliza. Karani, koti begani, akajibu kwa maneno matatu.
Masikio ya mtoto yakawaka.
"Nimekosea. Si kisicho *na*. Ni kisicho *cha*."

Neno dogo kama punje ya mtama,
na watu arubaini wakaketi.

Neno hilo nimelivaa shingoni kazini miaka ishirini.
Ajabu, kumwita mtu kwa asichokuwa!
Ni kumbatiza mtoto jina Si-Mwizi,
kisha ukashangaa majirani wakikaza makomeo.

Sanduku lilizaa zahanati ya vitanda sita;
zahanati ikazaa hospitali; hospitali ikazaa mnara wa vioo
na chemchemi ya marumaru inayomwaga maji usiku kucha.
Muhuri wa karani umetiwa fremu mapokezi.
Mimi nakaa dirisha la tatu, la ankara.

Juzi alikuja mzee Kmec, mjukuu wa Pavol,
nyonga mpya, fimbo mpya, karatasi mkononi.
"Hospitali hii ni ya faida?"
Hapana, nikajibu, kama nilivyofunzwa.
"Basi hizi elfu nane zinakwenda wapi?"
Nikasema: ni ziada.
Ziada, yaani faida iliyonyoa ndevu.
Hilo sikulisema.

Usiku nilifungua daftari, ukurasa wa mwisho.
Dola kumi na moja na senti ishirini.
Chini yake babu ameandika: *Zimebaki. Zingojee.*
Nikarudi nyuma, kidole juu ya jina moja,
nikihesabu dole gumba lake, mwezi kwa mwezi.
Pavol Kmec, senti hamsini,
mara mia mbili na nne.

Asubuhi nikawasha kompyuta, nikafungua jina la mjukuu,
nikatafuta mahali pa kuziingiza.
Hapakuwa na kitufe.