Mstari Uliotetemeka

Kinu cha Mama Apondi na mimi tuna ukuta mmoja.
Saa nne asubuhi, akisaga mahindi ya Kondele nzima,
kikombe changu hutembea chenyewe mezani.

Sikulifikiria hilo nilipoagiza leza.
Nilifikiria bei. Nilifikiria pasi ya shemeji
niliyoiharibu nikihamisha wino wa karatasi hadi kwenye shaba,
na shemeji ambaye mpaka leo
hunisalimu akiiangalia mikono yangu.

Mwanzo niliielekeza kwenye shaba tupu. Shaba ikakataa,
ikaurudisha mwanga kama barua isiyofunguliwa.
Ndipo nikajua: shaba haichomwi, huvalishwa.
Rangi nyeusi ya kupulizia, ile ya rimu za pikipiki,
tabaka moja jembamba, ikauke juu ya bati la choo.
Leza huchoma rangi tu.
Panapobaki weusi, njia itabaki.
Panapong'aa ndipo patakapoliwa.
Mmbone, mwanafunzi wangu, huuliza kila mara:
kwa hiyo kinachong'aa ndicho kinachokufa?
Ndiyo, Mmbone. Vaa miwani.

Kichwa cha mashine kinakwenda, kinarudi,
kinakwenda, kinarudi,
nukta ya buluu isiyotazamika,
harufu ya rangi iliyoungua,
feni ya kompyuta kuukuu ikivuta moshi dirishani.
Dakika arobaini. Usiguse meza. Usicheke.

Ilikuwa dakika ya thelathini na moja
Apondi alipowasha kinu.

Njia ya kwenda kwenye kipimajoto,
niliyoichora ikanyooka kama rula,
ikaingia mawimbi madogomadogo,
mwandiko wa nyanya akitia sahihi ya pensheni.
Nilitaka kuitupa. Lakini bamba la shaba ni pesa,
na Nyangweso wa Ahero alikwisha piga simu mara tatu:
mayai mia mbili, na kuku wamegoma kuatamia.

Nikaizamisha kwenye beseni la asidi,
maji ya kahawia, kama strungi iliyosahauliwa jikoni.
Nikatikisa. Nikasuuza. Nikafuta weusi kwa thina.
Njia zikatoka zote, na ile yenye kutetemeka katikati yao,
mahali pamoja nyembamba kama uzi wa buibui,
lakini haijakatika.
Nikagusisha ncha za mita huku na huku.
Mita ikalia.

Umeme, kumbe, hauna haja na mwandiko mzuri.

Siku hizi nachoma usiku, kinu kikishalala,
na mistari yangu imenyooka, asante.
Ila bodi ile iko Ahero, ndani ya sanduku la mbao,
inawasha balbu, inazima balbu,
nyuzi thelathini na saba na nusu,
na kila baada ya siku ishirini na moja
Nyangweso hunipigia, halafu haongei.
Huiweka tu simu karibu na sanduku.