Haitoki Nzima

Julai, Mwanjelwa. Baridi imening'ata vidole
hadi kibano nakiona kama cha mtu mwingine.
Anyelwisye kaja na lori la viazi kutoka Isongole,
koti lanuka udongo mweusi,
ndani ya koti soksi,
ndani ya soksi sarafu saba za fedha,
wakia moja kila moja, asema,
bei ya magunia ishirini.

"Nipimie, Mama Sekela.
Wameniambia noti huchakaa, fedha haichakai."

Lugha yetu ina mzaha wake, namjibu:
fedha ni hii, na fedha ni ile,
umetoa ile ukanunua hii.
Haya, tuone kama hii ni hii.

Mizani kwanza. Naikinga kwa kopo
upepo wa Loleza usiweke mkono wake.
Thelathini na moja, nukta moja.
Zote saba. Sawasawa mno,
kama wanafunzi waliopeana majibu.

Nachukua lenzi.
Kando ya mwaka kuna alama, ndogo kuliko chembe ya ulezi:
ukiinamisha sarafu kushoto, ni ua;
kulia, ua linafumba, inabaki nyota.
Sita zinageuka.
Ya saba ina ua na nyota kwa pamoja,
kama mtu anayejibu kabla hujamuuliza.

Sisemi kitu bado.

Naziegemeza kwenye kibao, naachia sumaku.
Juu ya fedha hainati, wala haikimbii,
hushuka kama mwenye ndoo kichwani
kwenye utelezi wa Tukuyu.
Juu ya ya saba iliporomoka.

Nakwangua barafu kwenye friji la muuza soda
(ananicheka: barafu, mwezi huu?)
naweka punje moja moja.
Sita zikainywa papo hapo.
Ya saba ikaikalia tu.

Kisha ncha ya kidole, kisha kalamu: ngo.
Sita zililia muda mrefu,
fundi saa jirani akanyanyua kichwa.
Ya saba ilisema *ko*, ikanyamaza.

Unene, basi. Imenenepa kiasi cha ukucha.
Maana shaba ni nyepesi, na uzito wa kuazima
lazima utafutiwe pa kukaa.

Anyelwisye ameielewa kabla sijafungua mdomo.
Anaitazama kama mtu anavyotazama kiazi
kizuri kwa nje.
Halafu polepole: "Basi nirudishie hivyo hivyo.
Makambako kuna bwana anazitafuta."

Hapana.
Iliyoghushiwa ikifika hapa, haitoki nzima.

Nimeishika msumeno. Meno kumi, ishirini,
ngozi nyeupe ikapasuka,
ndani njano, njano ya bomba la bafuni.
Nusu mbili hizo, chukua, ni zako.
Sita nazo zako. Ya kupima, elfu tatu.

"Umejuaje, lakini? Tangu mwanzo
uliishika ile ya saba tofauti."

Nikamwonyesha lenzi. Nikamwonyesha sumaku.

Sikumwambia kuhusu Iringa,
baba akiyeyusha risasi na bati kwenye sufuria ya uji,
akimimina rupia za Mjerumani, tai na taji,
akizifukia wiki tatu kwenye samadi ya ng'ombe
zizeeke,
akiwauzia wageni nyuma ya boma
kwa sauti ya mtu anayeuza urithi wa bibi yake akiona uchungu.
Sikumwambia nani alichonga yale meno ya ukingoni
kwa tupa, jioni, baada ya shule,
mia na kitu kwa kila moja, yasipishane,
na jinsi baba alivyopitisha kidole gumba,
akasema: mkono wako una heshima.

Bandia niliijua kabla ya halisi.
Halisi nilijifunza baadaye, kitabuni, kwa kulipia.

Lori limeondoka. Napangusa unga wa njano mezani,
unanata kwenye ufa wa kidole.
Meza hii ina mguu mmoja mfupi,
na mizani haitaki mzaha, hutaka usawa.
Chini ya mguu huo nimeweka rupia moja, tai kaangalia sakafu.
Imekaa pale miaka kumi na minne.
Kila nikipima, inashikilia.