Robo ya Asilimia

Mafinga, Juni. Ukungu umekalia rundo la magogo
kama mtu asiye na haraka ya kulipwa.
Mashine inamenya mkaratusi, utepe mpana kama shuka,
gundi inanuka mpaka kwenye chai,
na mgeni wa bima, skafu hadi puani,
anasoma maswali yake.
Mimi karani. Leo ni mdomo wake pia.

Vita? Hapana.
Ghasia? Labda siku ya mnada, ulanzi ukikolea.
(La ulanzi sikulitafsiri.)
Faida ya shilingi itaweza kugeuka dola, ivuke mpaka?
Meneja akakohoa. Itageuka.

Je, mali ya mtu imewahi kuchukuliwa hapa?
Afisa wa wilaya, Bwana Nyaulingo, akatabasamu:
"Hapa kwetu? Haijatokea."

Nikatafsiri neno kwa neno. Ndiyo kazi.
Halafu ulimi ukaendelea peke yake:
kwamba babu, Sigatambule, alikuwa na kinu cha dizeli Sadani;
kwamba mwaka wa sabini na nne walikuja na mkokoteni wa ng'ombe,
wakakibeba kwa adabu, wakimwita ndugu,
wakamwachia karatasi:
Imepokelewa, mashine moja, nzima.
Mkanda wa akiba waliusahau.
Bibi aliukata malapa, nikayavaa mpaka darasa la nne.

Babu alingoja fidia hadi masikio yakaziba,
na bado trekta likipita, akihisi ardhi inatetema,
anauliza: ndio wao?

Mgeni hakusema pole.
Aliuliza tu Sadani inaandikwaje.

Septemba mkataba ukafika, kurasa arobaini na moja.
"Utaifishaji" nimeuhesabu mara kumi na tisa.
Muda wa kungoja fidia: siku mia na themanini.
Ada imepanda robo ya asilimia
kwa sababu ya historia ya eneo.

Meneja akapiga meza. Historia gani?
Nilikuwa nachapa. Nikaendelea kuchapa.

Babu, kumbe wamekuthamini.
Kila Januari, kwa dola, kinu chako kitalipiwa,
wapokeaji ni watu wasioujua hata unga wake.
Siku mia na themanini, babu! Wenzio.

Ile stakabadhi yako, iliyoliwa na mende pembeni,
nimeibana nyuma ya nakala ya ofisi.
Ukurasa wa arobaini na mbili.