Daftari la Vipimo

Kiuno, inchi ishirini na tisa.
Nimeandika kwa penseli, ukurasa wa kumi na moja,
mwaka ule alipoingia dukani kwangu Gongoni
na kandambili za rangi mbili tofauti,
anatoka stesheni kuuza asali kwa kijiko,
abiria wa treni ya Kigoma wamnyooshee vikombe madirishani.
"Fundi Hamimu, nishonee suti nyekundu.
Wagombea wote wamevaa kijivu kama wafiwa."
Hela hakuwa nayo. Akaniachia debe la asali.
Nusu yake maji. Niligundua wiki ya pili,
nikanyamaza, maana ile suti ilinipendeza hata mimi.

Kasubi Mhoja. Mzee wa Mizinga.
Cheyo alipanda jukwaani na mzinga mtupu kichwani,
akaugonga: "Mwausikia? Ndivyo zinavyolia sufuria zenu!"
Tukacheka hadi machozi, maana ndivyo zilivyolia.
Kisha akalala vumbini, na suti yangu,
akaapa hainuki mpaka wakulima wa tumbaku walipwe.
Alilala dakika tisa. Nilihesabu, nikiwaza madoa.
Mama Nyanzala akavua khanga ya juu, akamfunika.
Siku ile angeomba figo, tungepanga foleni.

Thelathini na nne. Suti ya njano, vifungo vya shaba.
Kalipa taslimu. Chenji hakutaka.

Sisemi hakutenda. Kisima cha Kiloleni alikichimba,
ingawa pampu aliiuzia halmashauri mara mbili.
Alizika watu. Alijua majina ya watoto wetu,
hata yule wangu ambaye hakufikisha arobaini,
ambaye mama yake na mimi tu ndio tulimwita kwa jina.
Hapo ndipo aliponishinda:
mwizi anayekumbuka.

Thelathini na tisa. Kanzu ya hariri, zambarau.
"Mifuko ya ndani, fundi. Minne. Mirefu."
Sikuuliza ya nini.
Nilipiga mshono mara mbili isije ikapasuka.

Arobaini na nne. Sasa kumpima ni kumkumbatia;
sikio langu tumboni pake, nasikia moyo unakimbia
kama mtu aliyesahau kitu njiani.

Mwaka huo ilinunuliwa mizinga ya kisasa elfu sita
kwa ajili ya wafuga nyuki wa Sikonge.
Ilifika mia tatu,
mbao za makasha ya sabuni, jina la sabuni bado linasomeka.
Nyuki walikagua kabla ya mkaguzi.
Hawakuingia.

Walimkamata stesheni, na suti ya njano,
pale pale alipokuwa akishika kijiko.
Waliombeba mabegani walisogea kupisha gari.
Mmoja alipiga mluzi. Mwingine akaokota kofia yake,
akaivaa, akaenda nayo kwao.

Mahakamani, kielelezo namba saba: kanzu ya zambarau.
"Nani alishona mifuko hii?"
"Mimi."
"Ilikuwa ya kuwekea nini?"
"Mikono, Mheshimiwa. Tabora Juni kuna baridi."
Ukumbi ulicheka. Yeye kizimbani aliinamisha kichwa
kama mtu anayepokea chenji.
Hakimu akasema, mchovya asali,
na sote tukamalizia, hachovyi mara moja,
kwa sauti moja, kama wanafunzi.
Hakuna aliyetaja vikombe.

Miaka sita Uyui.

Jana mvua ilikuwa imekatika, mlango wazi.
Amekonda hadi shingo inaonyesha kamba zake.
Mkononi ile nyekundu, imekunjwa ndani ya gazeti,
vumbi la Cheyo bado limo kwenye pindo.
"Nipunguzie, fundi. Uchaguzi ni Oktoba."
Akaniuliza habari za mtoto. Kwa jina.
Chini ya meza akasukuma debe kwa mguu.

Nililowesha ncha ya penseli ulimini.
Kiuno, inchi thelathini.
Nikamwambia aje Alhamisi.