Usiku wa Kuamkia

Mtaa wa Kisiwani kwa Binti Kibonde
hauna kisiwa, na huyo binti hakuna anayemkumbuka.
Ramani niliyokabidhiwa pale ofisi ya kata inasema:
kaskazini, reli;
mashariki, kiwanda cha sabuni kilichofungwa;
magharibi, ukuta wa ghala la saruji;
kusini, mto.

Mto ndio ulionitia taabu.
Mwaka wa mvua zile ulihama njia,
ukapitia jikoni kwa Mtulia, ukapapenda, ukabaki.
Sasa nyumba nne za mtaa wetu ziko ng'ambo:
zinalipa ada ya taka huku, zinatupa taka kule.
Nikavua viatu, nikakunja suruali,
nikajitwika kishikwambi kama beseni la dagaa,
nikavuka kwenda kuwahesabu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, kidato cha pili.
Miaka tisa nafundisha mtawanyiko wa watu
kwa vitone vya chaki: penye maji, chungu nzima;
penye ukame, kimoja kimoja.
Hakuna kitone kilichowahi kuniuliza
kama nagawa vyandarua.

Nyumba namba kumi na saba.
Vyumba sita, choo kimoja, mita ya umeme ya kugombania.
Bi Chausiku anachambua mchele, hanitazami:
"Wangu watano. Wa dada yangu wawili.
Na yule pale simjui wa nani, ila anakula hapa.
Mwandike."
Uhusiano na mkuu wa kaya? kishikwambi kinauliza.
"Si nimekwambia? Anakula hapa."
Nikabonyeza *Mwingine*.

Chumba cha uani kina kitanda cha futi tatu na nusu
na wapangaji wawili wasiowahi kukilalia pamoja.
Lusajo hukaanga chipsi stendi, mchana kutwa.
Nyamhanga hulinda duka la vigae, usiku kucha.
Godoro lao halipoi.

"Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"
"Mimi," akajibu Lusajo, shuka kiunoni.
Nyamhanga kasimama mlangoni, sare mwilini,
macho mekundu kama kungumanga.
"Na wewe?"
"Sikulala."
"Kila mtu kalala mahali, kaka."
"Mwalimu, mimi ni mlinzi.
Ukiandika nililala, kazi sina.
Ukiandika sikulala, mimi mwenyewe sipo?"

Nikafungua kitabu cha mwongozo, nikamsomea taratibu:
mtu wa zamu ya usiku ahesabiwe
pale ambapo angelala, kama angelala.
Akakaa kimya. Akalitazama godoro,
mwenzake bado kalikalia, anatafuta kandambili kwa vidole vya mguu.
"Basi hapo," akasema. "Ningelala hapo."

Nikamwandika.

Shule zilipofunguliwa nilichora mtaa ubaoni.
Reli, kiwanda, ukuta.
Mto niliuchora kwa vistari vya kukatika,
nisije nikaumbuka mwakani.
Kisha vitone, mpaka chaki ikawa ukucha.
Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, Pazi,
ambaye muhula mzima hajanyoosha mkono,
akanyoosha:
"Mwalimu, mbona hicho cha namba kumi na saba
kinene kuliko vingine?"
Nikamwambia ni viwili.
Vinapokezana.