Hadi

Kwenye bili imeandikwa: kasi, hadi megabiti mia tatu.
Macho yangu ya miaka sabini na moja
yalisoma ahadi.
Herufi moja tu, na mwaka mzima wa hasira.

Hapa Erie, Pensilvania, theluji hutoka ziwani
na kuingia bila hodi. Novemba hufunga milango,
na saa mbili usiku mtaa mzima uko ndani.
Ndiyo saa ambayo mjukuu wangu Caleb, huko Tucson,
hunipigia nimwone.
Namwona pua. Namwona nusu ya kinywa.
Uso unavunjika miraba miraba kama kigae kilichodondoka,
sauti inasema, "Bibi, je..." kisha inazama,
nami naachwa nikijibu swali nisilolisikia:
"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Nimekula."

Fundi alikuja Jumanne, kijana aitwaye DeVaughn,
akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Alipima saa nne asubuhi. Mia mbili tisini na sita.
"Mama, laini yako nzima."
Nzima sasa, nikamwambia, wakati sina wa kuzungumza naye.
Akageuza bahasha ya bili,
akachora mstari mmoja na vijumba vimetungwa kama shanga.
"Waya hauji kwako. Unakuja mtaani.
Lile kabati la kijani kwenye kona, wanapokojolea mbwa,
linalisha nyumba mia na ishirini.
Asubuhi sinia ni lako peke yako.
Saa mbili usiku, mikono yote imo."

Tangu hapo nikawa nahesabu mikono.
Wana watatu wa Brubaker, wapiganao vita
na watu wa Korea wasiowajua.
Muuguzi Yolanda, anayesomea shahada baada ya zamu.
Wale wapya wa namba kumi na tisa,
na televisheni yao pana kama mlango wa gereji.
Na mkabala nami, Leszek Nowicki,
ambaye dirisha lake huwaka rangi ya chungwa
tangu jua lizame mpaka nikalale.
Kila usiku. Anatazama nini mzee huyu?
Jibu nililojipa lilikuwa la aibu, sitaliandika.

Nikachora ratiba. Ndiyo, kwa rula.
Nikavaa buti, nikavuka barabara na karatasi yangu ya zamu
kama mtoza kodi.

Alifungua akiwa na koti la kiwanda cha treni,
jina lake bado limeshonwa kifuani.
Nyuma yake, kwenye kioo, moto ulikuwa unawaka.
Moto tu. Magogo matatu, cheche, mlio wa kuni.
"Bomba la moshi limebomoka," alisema.
"Na Halina alipenda tukae hapa."
Kulikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa na mto usiobonyea.

Mwezi mzima nilikuwa na kinyongo na moto.
Moto wenyewe hata joto hautoi.

Karatasi ilibaki mfukoni.
Nikakaa, si kwenye kile kiti,
kwenye kibao cha kuvulia viatu.
Nikamwomba nenosiri, maana saa ya Caleb ilikaribia:
Halina, herufi kubwa mwanzoni, kisha 1968.

Saa mbili ikafika, mtaa ukatia mikono siniani.
Moto ukasita.
Ndimi zikasimama wima, cheche zikaning'inia
kama theluji iliyosahau kuanguka,
na katikati ya magogo kiduara kidogo
kikazunguka, kikazunguka.
Leszek hakugusa kitu.
"Wavulana wa Brubaker wamerudi mazoezini," alisema,
kama mtu asikiaye hatua za wanawe ngazini.

Simu ikatetemeka. Pua. Nusu ya kinywa.
"Bibi, je..."
Nikaigeuza simu, nikamwonyesha moto ulioganda,
na mzee aliyekuwa akiungoja.
"Subiri kidogo, mwanangu," nikasema.
"Leo tuko wengi."